Tabo ya Injini ya Dizeli: Kuitengeneza na Kuiongezea Nguvu katika Gari la Zamani

Katika barabara za Afrika Mashariki aghalabu huonekana magari madogo ya abiria yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa huku. Mashuhuri miongoni mwake ni Toyota HiAce ya mfululizo wa 100, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1989 na kuendelea kutolewa huko Japani hadi mwaka 2004. Nyingi zina injini za dizeli za kawaida, kama vile 2L na 3L, ambazo hujivutia hewa zenyewe. Nyingine, hasa zile ziitwazo Super Custom, zina injini ya 1KZ-TE, yenye silinda nne, ujazo wa sentimita 2,982 za mchemraba, na tabo ya kuisukumia hewa. Injini hii ya pili hupanda mlima kwa wepesi ambao ile ya kwanza haiwezi kuufikia, na kwa sababu hiyo hupendwa. Lakini pia ndiyo inayofikishwa gereji ikiwa imenoki kwa namna ambayo bei ya kuifufua hukaribia bei ya gari lenyewe.

Mwenye gari la namna hiyo huwa ameweka humo akiba ya miaka mingi. Injini ikisimama, husimama pia ada za shule, kodi ya nyumba, na posho ya dereva na kondakta wake. Kwa hiyo yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba tabo ni nadra sana kufa kwa maradhi yake yenyewe. Huuawa na kitu kingine kilichoharibika kabla yake: oili, vumbi, nozeli mbovu au bomba lililoziba. Fundi asiyekitafuta kitu hicho atafunga tabo ya pili, nayo itafia pale pale ilipofia ya kwanza. Hali kadhalika, mwenye kutaka kuiongezea injini nguvu bila kujua joto linakwenda wapi hununua nguvu ya miezi michache kwa bei ya hedi nzima.

Kazi ya tabo

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huvuta hewa tupu, huishindilia katika nafasi iliyo ndogo zaidi ya mara 20 kuliko ile ya mwanzo, na hewa hiyo hupata moto kiasi cha kuiwasha dizeli inaponyunyiziwa na nozeli. Kiasi cha dizeli kinachoweza kuungua vyema hutegemea kiasi cha hewa iliyomo. Kilo moja ya dizeli huhitaji kilo 14.5 hivi za hewa ili iungue yote. Yaani lita moja ya dizeli humeza hewa yenye ujazo wa mita 10 za mchemraba au zaidi, hewa ya kujaza chumba kidogo cha kulala kufika kichwani. Kwa hakika injini ya dizeli huhitaji hewa ya ziada juu ya hiyo, kwa kuwa muda wa kuchanganyika ni mfupi mno. Dizeli ikizidi hewa, inayobaki hutoka ikiwa masizi, ndiyo ule moshi mweusi.

Mtu aliyefikiria kutumia moshi wenyewe kuisukumia injini hewa alikuwa mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepewa hataza ya jambo hilo mwaka 1905. Kwa miaka mingi ilikuwa ni kazi ya meli na mitambo mikubwa. Katika magari madogo ya dizeli tabo iliingia baadaye sana. Mercedes-Benz 300 SD, iliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1978, ilikuwa miongoni mwa za kwanza.

Muundo wake ni feni mbili zilizofungwa katika ncha mbili za shafti moja fupi. Feni ya kwanza, ambayo hapa itaitwa feni ya moto, huzungushwa na moshi unaotoka katika silinda. Feni ya pili, iitwe feni ya baridi, huvuta hewa kutoka kwenye filta na kuishindilia kuelekea kwenye injini. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Katika mwendo huo hakuna chuma kinachoweza kugusana na chuma kikasalimika. Shafti huelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi zake, na nafasi ya utando huo hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Oili huletwa na pampu ya injini kwa nguvu, lakini hurudi chini kwenye karata kwa uzito wake tu, kama maji yanavyoshuka kutoka kwenye paa. Jambo hili dogo litakumbukwa hapo mbele.

Faida ya tabo huonekana wazi zaidi katika nyanda za juu. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na huko kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko pwani ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hudhoofika kwa kadiri hiyo. Yenye tabo hufidia upungufu, lakini hailipwi bure: ni lazima feni zizunguke kwa kasi zaidi, na hewa iliyoshindiliwa zaidi hupata joto zaidi.

Kutafuta kilichoiua

Gari linapofika gereji likiwa halina nguvu, fundi wa haraka huelekeza kidole kwenye tabo kwa sababu ndiyo kifaa cha ghali na ndiyo iliyo mbele ya macho. Katika HiAce hata kufika huko ni kazi, maana injini imelala chini ya viti vya mbele. Kabla ya kufungua nati yoyote, yafaa kutazama moshi. Moshi mweusi wakati wa kupanda mlima ni dalili ya hewa pungufu au dizeli iliyozidi. Chanzo chaweza kuwa filta iliyojaa vumbi, hozi ya hewa iliyopasuka baada ya tabo, au nozeli zinazodondosha mahali pa kunyunyiza. Hozi iliyopasuka ni kosa la shilingi chache linaloweza kulipiwa kwa bei ya tabo nzima. Hutambulikana kwa mlio wa hewa inayotoroka na kwa utando wa oili uliolowanisha mahali pa ufa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto, wenye mvuke na kuambatana na maji kupungua katika rejeta, ni habari mbaya ya hedi.

Baada ya hapo bomba la hewa hufunguliwa na feni ya baridi hukaguliwa kwa tochi na kwa kidole, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Ncha za feni zikiwa zimelika na kuwa butu kama kisu kilichonolewa kwa mchanga, basi mchanga ndio uliozila. Gari linalopita barabara za vumbi likiwa na filta isiyokaa vizuri, au hozi yenye ufa kati ya filta na tabo, hupeperusha mchanga huo moja kwa moja ndani. Si feni pekee inayolika. Pistoni na kuta za silinda hulika pia, na kwa hiyo kuibadili tabo peke yake hakuiponyi injini hiyo.

Shafti hutikiswa kwa vidole. Mtikisiko mdogo wa kwenda upande kwa upande ni wa kawaida, kwa kuwa oili haimo na utando haupo. Mtikisiko wa kwenda mbele na nyuma usihisiwe hata kidogo. Feni ikiwa imekwaruza nyumba yake, beringi zimekwisha, na hapo swali la kuuliza ni kwa nini zimekwisha. Jibu karibu siku zote limo katika oili.

Oili chafu hubeba masizi na vumbi la chuma ambalo husaga beringi. Oili pungufu huacha shafti ikavu kwa nukta chache, nazo nukta chache zatosha. Bomba jembamba linaloleta oili laweza kuziba kwa oili iliyoganda na kuwa makaa, na fundi anayefunga tabo mpya juu ya bomba la zamani lenye makaa ameishaandika tarehe ya kufa kwake. Makaa hayo hutokana na desturi moja mbaya: kuzima injini mara tu baada ya kupanda mlima au kukimbia. Feni ya moto huwa bado inawaka, oili imesimama, nayo hukaangwa ndani ya nyumba ya beringi. Kuiacha injini iunguruke polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima kunatosha kuondoa shida hiyo. Dereva anayekimbilia foleni ya abiria huona dakika mbili ni nyingi. Aulizwe bei ya tabo.

Iko pia hali ambapo tabo huvuja oili na huku yenyewe ni nzima kabisa. Oili, kama ilivyoelezwa, hurudi kwa uzito wake tu. Bomba la kurudishia likikunjika, au likizibwa na gundi ya gasketi iliyopakwa kwa wingi, oili hujaa ndani ya tabo na kutafuta njia kwenye feni. Hutokea vivyo hivyo pistoni zikichakaa: moshi hupenya hadi kwenye karata na kuongeza kanieneo ndani yake, nayo huizuia oili isishuke. Tabo tatu zaweza kubadilishwa mfululizo na uvujaji usikome. Kipimo chepesi ni kufungua mfuniko wa kutilia oili injini inapounguruma: moshi ukipuliza kwa nguvu kama chungu kinachochemka, silinda zipimwe kwanza kwa geji.

Uvujaji huo una hatari nyingine ambayo kila dereva wa dizeli anapaswa kuijua. Oili ikiingia kwa wingi katika njia ya hewa, injini huanza kuiunguza badala ya dizeli na kukimbia yenyewe, kasi ikipanda bila kukanyagwa, na hata ufunguo ukizimwa haisikii. Kwenye gia za mkono huweza kuzimwa kwa kutia gia ya juu, kukanyaga breki kwa nguvu na kuachia klachi. Vinginevyo hapana budi kuikata hewa kwa kuziba mdomo wa bomba kwa ubao au kitu kingine kigumu na bapa. Mkono au kitambaa visitumike kamwe, hufyonzwa. Injini iliyokataa mambo yote hayo iachwe na watu wasogee mbali.

Mafuta ya kuendeshea nayo yasisahauliwe. Pampu ya dizeli ya injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni nyembamba, nayo husaga pampu na nozeli pole pole. Uchanganyaji huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kutia mafuta vinasaba mwaka 2010 ili yaliyoghushiwa yatambulike, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa kuondoa faida ya mchezo huo. Kenya nayo iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ile ile. Nozeli iliyoharibika kwa njia hii hudondosha badala ya kunyunyiza, moto huwaka mahali pamoja juu ya pistoni, na joto la moshi hupanda. Nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia. Kuzitazama kwa macho hakusaidii kitu.

Tabo mpya au iliyokarabatiwa ikiwa tayari kufungwa, bomba zote mbili za oili husafishwa au hubadilishwa, oili na filta huwa mpya, na kiasi kidogo cha oili safi humiminwa katika tundu la juu la tabo huku feni ikizungushwa kwa kidole. Kisha umeme wa valvu inayofungulia dizeli hukatwa, na injini huzungushwa kwa stata bila kuwaka mpaka oili ifike. Fundi anayeruka hatua hii huiendesha tabo ikiwa kavu katika nukta zake za kwanza za maisha.

Hedi ya aluminiumu juu ya bloku ya chuma

Udhaifu mkubwa wa injini ya 1KZ-TE unajulikana na mafundi wote walioizoea: hedi yake hupasuka, hasa kati ya viti vya valvu. Sababu yake yaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Hedi ni ya aluminiumu na bloku ni ya chuma cha kalibu. Aluminiumu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Hedi yenye urefu wa nusu mita ikipata moto kwa nyuzi 80 za Sentigredi zaidi, hutaka kurefuka kwa milimita 0.9 hivi, hali bloku chini yake yataka nusu ya hiyo tu, na boliti zimezifunga zote mbili pamoja. Katika joto la kawaida chuma hustahimili mvutano huo maelfu ya mara. Maji yakikosekana hata kwa dakika chache, sehemu nyembamba kati ya valvu hupata moto kupita kiasi, hupondeka, na inapopoa huachana.

Kwa hiyo afya ya hedi ni afya ya maji. Hapa pana kosa lililoenea mno, nalo ni kuondoa tomosteti kwa imani kwamba maji yatapita kwa wingi na injini itapoa. Tomosteti ya injini nyingi za namna hii ina valvu mbili. Inapofungua njia ya rejeta kwa valvu ya kwanza, hufunga kwa ya pili njia ya mkato ambayo hurudisha maji ndani ya injini bila kupitia rejeta. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto huzunguka humo humo bila kupozwa. Dereva huona nafuu katika safari fupi za mjini, kisha hedi hupasuka katika mlima wa kwanza mrefu.

Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa kwa kuwa ni mdogo. Kazi yake ni kuyashikilia maji chini ya kanieneo ili yasichemke upesi. Mfuniko ulioandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa kila sentimita ya mraba, hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 118 pwani. Katika mwinuko wa Mbeya, ambako maji katika sufuria wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, mfuniko uleule huyafikisha nyuzi 115 tu. Mfuniko uliolegea springi huyaacha yachemke kwenye zile 94, ambazo ni joto la kawaida la injini inayofanya kazi. Maji ya bomba peke yake hayafai. Huila aluminiumu na kuacha tope katika rejeta. Maji yachanganywe na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu kama kitabu cha gari kinavyoagiza.

Hedi ikishafunguliwa, isirudishwe kabla ya kupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, na kabla ya kujaribiwa kwa hewa ikiwa imezamishwa katika maji ya moto. Nyufa nyingine hujificha hedi ikiwa baridi na kufunguka inapopata moto. Kulehemu ufa kati ya valvu huweza kufanikiwa mikononi mwa bingwa, lakini kwa gari la kubeba watu hedi mpya ndiyo yenye akili. Gasketi zake hutengenezwa kwa unene wa namna tatu, na iliyo sahihi huchaguliwa baada ya kupima jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya uso wa bloku. Kununua yoyote iliyo dukani ni kubahatisha. Boliti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo.

Kuongeza nguvu

Hapo ndipo swali la nguvu laweza kuulizwa, na si kabla. Injini yenye silinda zisizolingana, rejeta iliyoziba nusu na nozeli zinazodondosha haina nguvu ya kuongezewa. Ina nguvu yake ya zamani ya kurudishiwa, na wenye magari wengi wakirudishiwa hiyo huridhika.

Njia inayopendwa mitaani ni kuongeza dizeli. Katika injini za zamani zaidi, kama 1KZ-T yenye pampu isiyo na kompyuta, hufanywa kwa kuzungusha skrubu. Katika 1KZ-TE, ambayo kiasi cha dizeli huamuliwa na kompyuta, hufungwa kisanduku kinachoidanganya kompyuta hiyo. Gari huondoka kwa kishindo na moshi mweusi, na mteja hulipa kwa furaha. Dizeli ya ziada isiyo na hewa ya ziada hupandisha joto la moshi, na joto hilo hukutana na pistoni na hedi za aluminiumu, madini ambayo yakiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Mafundi wengi wa dizeli huchukua nyuzi 700 za moshi, zikipimwa kabla ya tabo, kuwa ukomo wa safari ndefu. Pistoni husalimika kwa kuwa oili na maji huipoza muda wote. Geji ya kawaida ya maji haionyeshi joto hilo, nayo mara nyingi husogea wakati madhara yamekwisha kutokea.

Nyongeza ya kwanza, basi, iwe kipimajoto cha moshi. Ncha yake hufungwa katika tundu linalotobolewa kwenye bomba la moshi kati ya hedi na tabo, nalo bomba hilo lifunguliwe kwanza kabla ya kutobolewa, la sivyo vipande vya chuma vitaingia kwenye feni ya moto. Kuifunga baada ya tabo ni rahisi zaidi, ila joto linalosomwa huko huwa pungufu kwa nyuzi 100 au zaidi na humtuliza dereva bure. Pamoja nacho kifungwe kengele ya kuonya maji yanapopungua katika rejeta, kifaa ambacho bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na hedi.

Nyongeza ya pili ni kipoza hewa, yaani rejeta ndogo ambayo hewa iliyoshindiliwa hupita ndani yake kabla ya kuingia katika injini. Chukua siku ya nyuzi 25, na tabo inayoongeza kanieneo kwa kilo 0.6 kwa sentimita ya mraba. Hewa hutoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi 90 hivi. Ikipozwa hadi nyuzi 50, huwa nzito kwa karibu asilimia 12 kuliko ilivyokuwa, yaani silinda hupata oksijeni zaidi bila tabo kukazwa kasi, na moshi hutoka ukiwa na joto pungufu. Ndiyo nyongeza pekee ambayo huongeza nguvu na wakati huo huo hupunguza mateso ya injini. Ugumu wake katika HiAce ni mahali pa kukiweka. Chini ya viti hakuna upepo, na kukiweka mbele ya rejeta ya maji ni kuiibia rejeta hewa baridi inayoihitaji kuliko vyote. Wengi hukiweka chini ya sakafu au ubavuni pamoja na feni ya umeme. Hapo kilindwe na mawe, na hozi zake ziwe za aina inayostahimili joto na oili, zikifungwa kwa klipu madhubuti.

Bomba la eksozi pana zaidi baada ya tabo hurahisisha moshi kutoka na kuipunguzia feni ya moto kazi; ni kazi ya fundi wa kulehemu na huleta nafuu inayoonekana. Baada ya hayo yote, iwapo kipimajoto kinabaki chini ya ukomo katika mlima mrefu, dizeli yaweza kuongezwa kidogo, na kipimo cha kuongeza ni moshi wenyewe: ukionekana mweusi, imezidi.

Mwenye gari akumbushwe jambo moja lisilohusu silinda. Breki za gari hili husaidiwa na pampu ndogo ya kufyonza hewa iliyofungwa nyuma ya alternata, ambayo huzungushwa na injini. Injini ikizimika katika mteremko, msaada huo hubaki kwa kukanyaga mara chache tu, kisha pedali huwa ngumu kama jiwe. Gari lililoongezewa nguvu ya kupandia na kuachiwa breki zake za zamani, likiwa na abiria waliojaa hadi mlangoni, lina kasoro ambayo hakuna geji itakayoionyesha.

Jaribio la barabarani

Gari lililotengenezwa lijaribiwe kwanza tupu, na baada ya kilomita 1,000 oili yake imwagwe ingawa bado yaonekana safi. Kisha lipelekwe mlimani. Kwa mafundi wa Morogoro na Iringa mahali pazuri pa kujaribia ni Kitonga, baada ya Ruaha Mbuyuni, ambapo barabara hupanda mfululizo kwa kona kali na magari ya mizigo hulazimisha mwendo wa polepole wenye upepo kidogo. Gari lipande likiwa na mzigo wa kawaida, katika gia inayoiacha injini izunguke kwa wepesi badala ya kuiburuza, huku mtu wa pili akiandika masomo ya geji kila baada ya dakika moja. Kipimajoto cha moshi kikipita nyuzi 700, dereva apunguze mkanyago na kushusha gia, na dizeli irudishwe ilipokuwa. Geji ya maji ikianza kupanda, gari lisimamishwe mahali salama lakini injini isizimwe mara moja. Iachwe iunguruke taratibu mpaka geji ishuke, isipokuwa kama maji yamekwisha kumwagika. Mfuniko wa rejeta usiguswe siku hiyo. Asubuhi ya pili, injini ikiwa baridi, ufunguliwe na maji yatazamwe: yakiwa pale pale yalipoachwa na hayana utando wa oili juu yake, hozi zikiwa laini mkononi na pasiwe na mapovu injini inapowashwa, gari laweza kurudishwa kwa mwenyewe.